Picha Mbili za Mtoto wa Nyanjige

Justina Luhende alishuka Bariadi mwezi wa kumi akiwa na begi moja la nguo na sanduku gumu la plastiki alilokuwa amelipakata magotini njia nzima kutoka Mwanza. Kondakta alijaribu mara mbili kulipeleka kwenye buti, na mara zote mbili alikataliwa kwa adabu. Ndani ya sanduku mlikuwa na laptopu, kichwa cha kupimia ultrasaundi kilichotosha kukaa kiganjani, nyaya za kila rangi, na kilo tatu za unga wa jelatini.

Alikuwa mtu wa hesabu. Alizaliwa Mwamanyili kwa wakulima wa mpunga, akasoma mpaka akaingia uzamivu katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, na nyumbani walipomuuliza anasomea nini hasa, alijibu kwamba anasoma hesabu za mwangwi. Mama yake akawaeleza majirani kwamba binti anasomea redio, na Justina akaona hakuna haja ya kumsahihisha, maana hakuwa mbali sana na ukweli.

Ultrasaundi hupeleka sauti mwilini, sauti isiyosikika kwa sikio, kisha hungoja mwangwi urudi. Anayeujua mwili ulivyo ndani anaweza kukokotoa mwangwi utakaotoka. Kazi ya Justina ilikuwa kwenda kinyumenyume: mwangwi umeshakuja, tuambie mwili ukoje. Na ugumu ni kwamba miili mingi tofauti inaweza kutoa mwangwi unaokaribia kufanana, hivyo mwenye hesabu hulazimika kuamua mapema ni mwili wa namna gani anautarajia. Justina alikuwa ameandika programu ya kufanya hivyo, nayo ilifanya vizuri sana kwenye meza ya chuo. Sasa ilibidi ifanye vizuri mahali penye foleni.

Kituo cha afya alichopangiwa kilikuwa na mtaalamu mmoja wa picha, Sista Benedikta Masele, nesi mnene, mpole wa sauti, aliyekuwa amepima matumbo ya wajawazito kwa miaka ishirini na miwili. Alisoma barua ya kibali ya Justina mstari kwa mstari, akaikunja, akauliza kama chuo kimegundua kwamba mashine ya kituo ni mwongo.

"Si mwongo, sista," Justina akasema. "Ni mwepesi wa kuamini. Imefundishwa kwamba sauti inatembea mwilini kwa kasi moja tu, mita elfu moja mia tano na arobaini kwa sekunde, popote pale. Lakini kwenye mafuta sauti inachelewa, kwenye misuli inakimbia. Mashine haijui. Ndiyo maana picha nyingine zinakuja na ukungu."

Benedikta alimrudishia barua. Halafu akamwonyesha kona yenye soketi inayofanya kazi, akaanza kumwita mwalimu.

Kwa wiki tatu za mwanzo Justina hakugusa tumbo la mtu. Alichemsha jelatini, iliyokuwa mfano wa mwili, kwenye sufuria ya kukopa, akamimina kwenye mabakuli, akaficha humo gololi na vipande vya mpira, akavipima na kuvitafuta. Programu yake ilivipata vyote. Picha zilitoka safi, nyeusi kwa nyeupe, kingo zimenyooka kama zimepigwa rula. Manesi walipita kuziangalia wakati wa chai. Benedikta naye aliziangalia, akasema ni nzuri, kisha akaomba apewe nusu kilo ya ule unga akapike mwenyewe nyumbani kwake.

Jumatatu alirudi na bakuli lililofunikwa kwa kitenge. Juu ya jelatini alikuwa amelaza bamba la mafuta ya ng'ombe kutoka buchani, nene kama kidole gumba. Aliliweka mezani bila kusema ameficha nini. Justina akapima, akaiacha programu ifanye kazi yake, na baada ya dakika chache akatangaza kwa furaha kwamba ndani kuna vitu vitatu vya mviringo, akaonyesha na mahali vilipo.

Benedikta akachukua kisu, akapasua jelatini kama anayekata keki. Akatoa karanga ya kwanza, ya pili na ya tatu, pale pale palipoonyeshwa. Kisha akaingiza ncha ya kisu pembeni, akatoa mbegu moja ya pamba, akaiweka juu ya karatasi mbele ya Justina.

"Huyu je?" akauliza.

Justina akarudi kwenye laptopu, akatafuta kwenye mwangwi ghafi, ule ambao haujapita kwenye hesabu zake. Mbegu ilikuwepo. Ilikuwa alama hafifu, lakini ilikuwepo. Programu ndiyo iliyoifuta, kwa sababu Justina alikuwa ameiambia tangu mwanzo kwamba itarajie mwili laini usio na madoadoa, na chochote kidogo kikijitokeza ikihesabu ni kelele. Ule usafi wa picha aliokuwa akijivunia ulitokana na kufagia. Angefurahi kama Benedikta angecheka, lakini Benedikta hakucheka, alisema tu kwamba kwenye kazi yake vitu vidogo namna ile mara nyingine ndivyo vinavyomleta mgonjwa, kisha akaenda kumwita aliyefuata kwenye foleni.

Justina alifanya kazi mpaka mvua za kwanza zikaanza. Alipunguza nguvu ya ile dhana yake ya awali, akaiacha programu itafute yenyewe kasi ya sauti katika kila tabaka badala ya kuambiwa, na mahali ambapo mwangwi haukutosha kusema lolote, akaifundisha ipake rangi ya kijivu na inyamaze. Picha zikawa mbaya zaidi kwa kuzitazama. Benedikta akapika mabakuli mengine manne, la mwisho likiwa na mchele, na safari hii akashindwa kumfumania. Ndipo akasema sasa mwalimu anaweza kuanza kukaa naye kwenye chumba cha wajawazito, kwa masharti kwamba picha ya laptopu isimwamulie mtu yeyote chochote mpaka yeye ameridhika.

Hapo ndipo walipokuja Nyanjige na mama mkwe wake.

Walitoka Nkololo asubuhi, wakiwa wamevaa vitenge vya kwendea kanisani. Nyanjige alikuwa binti mrefu, mkavu wa mwili, mikono imekakamaa kwa jembe na ndoo, mimba yake ya kwanza ikiwa ya wiki tisa. Mama mkwe aliitwa Monika, lakini kwao hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Mama Kulwa, kwa kuwa uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa mapacha, Kulwa na Doto, na aliyewafuata akaitwa Shija, kama ilivyo desturi ya Wasukuma kumwita mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha. Huyo Shija ndiye mume wa Nyanjige. Alikuwa nje akishikilia pikipiki.

"Mwangaluka, mayu," Justina akamsalimia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," Mama Kulwa akaitikia, akaweka mezani karatasi iliyokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki.

Karatasi ilitoka kwenye zahanati moja ya mtu binafsi, ambako Nyanjige alipimwa wiki mbili kabla. Iliandikwa kwa kifupi: mapacha. Mama Kulwa hakuhitaji kusomewa, alikuwa anaijua kwa moyo. Alieleza kwamba katika ukoo wao jambo hili si geni, kwamba Nkololo nzima imeshapata habari, kwamba amekwisha kupeleka ujumbe kwa wazee wanaojua dawa na ngoma za mapacha, na kwamba padri akiuliza, atamjibu yeye mwenyewe. Tangu siku ile Nyanjige hakuruhusiwa kushika jembe. Alipakuliwa sahani mbili za ugali kila mlo.

Nyanjige alisikiliza yote hayo akiangalia kandambili zake.

Justina alimweleza kuhusu utafiti, taratibu, kwa Kiswahili na pale ilipobidi kwa Kisukuma, kwamba mwangwi utakaotoka kwake utaingia pia kwenye laptopu, kwamba haumdhuru, na kwamba akikataa atapimwa vile vile. Nyanjige alikubali, akatia sahihi, akapanda kitandani. Benedikta alimpaka jeli chini ya kitovu, akaweka kichwa cha mashine katikati kabisa ya tumbo, na kwenye skrini vikatokea vifuko viwili, ubavu kwa ubavu, ndani ya kila kimoja kidoa kinachopepesa.

"Hao," akasema Mama Kulwa.

Benedikta akatikisa kichwa kukubali, akavuta kadi ya kliniki. Nje kulikuwa na wanawake kumi na saba kwenye mabenchi. Justina naye akashika kichwa chake cha kupimia, akapima mahali pale pale, akasubiri. Programu ilihitaji dakika nne. Picha ilipokamilika, kifuko kilikuwa kimoja.

Alitazama tena. Akaanzisha hesabu upya, ikarudi na jibu lile lile: kifuko kimoja, mtoto mmoja, katikati. Ile mbegu ya pamba ilimjia machoni jinsi ilivyokaa juu ya karatasi. Aliwaza kwamba wiki zote zile za kurekebisha zilikuwa bure, kwamba amefuta tena, na safari hii kilichofutwa kilikuwa mtoto wa watu. Angeweza kunyamaza. Kadi ilikuwa inaandikwa, mashine ya kituo ilisema wawili, zahanati ilisema wawili, bibi wa watoto alisema wawili, na laptopu ilikuwa imegeukia ukutani, hakuna aliyeiona isipokuwa yeye.

Aliinuka, akamwinamia Benedikta sikioni.

"Sista, yangu inaonyesha mmoja. Na mimi mwenyewe siiamini. Lakini siwezi kukuficha."

Kalamu ya Benedikta ikasimama. Alikwenda nyuma ya laptopu, akaangalia picha, akaangalia namba za kasi ambazo Justina alimwonyesha pembeni: programu ilikuwa imekuta mikanda miwili minene ya misuli kushoto na kulia ya mstari wa tumbo, na kati yake ufito wa mafuta. Alirudi kitandani, akakishika tena kichwa cha mashine, akakaa akivitazama vile vidoa viwili kwa muda ambao Justina aliuona mrefu kuliko zile dakika nne.

"Mapacha hawapigi moyo kwa pigo moja," alisema hatimaye, kana kwamba anajisemea mwenyewe. "Kila mtoto ana mwendo wake. Hawa wanakwenda sawasawa kabisa."

Kisha akasogeza mkono vidole vitatu upande, akaiacha misuli ya katikati, akaulaza kidogo kuelekea ndani. Vifuko viwili vikakaribiana, vikaingiliana, vikawa kimoja. Akarudisha mkono katikati, vikawa viwili. Akausogeza upande wa pili, kikabaki kimoja. Alifanya hivyo mara tatu, akapita nyonga mpaka nyonga asikose kona, na hapakuwa na mwingine popote.

Justina aliketi. Jambo ambalo yeye alilitafuta kwa kurasa arobaini za hesabu, Benedikta alilipata kwa vidole vitatu, lakini Benedikta asingesogeza vidole vile bila kuambiwa. Alikiri hivyo mwenyewe baadaye, wakinywa chai: karatasi ilisema mapacha, ukoo ulisema mapacha, foleni ilikuwa ndefu, naye akaamini kabla ya kuangalia.

Lakini wakati ule hapakuwa na nafasi ya kukiri, maana Mama Kulwa alikuwa amesimama. Alikuwa ameona yote kwenye skrini.

"Mmoja amekwenda wapi?" akauliza.

Benedikta akamweleza kwamba hakuna aliyekwenda, kwamba tangu mwanzo alikuwa mmoja. Mama Kulwa hakukubaliana. Aliyekwisha kupewa hapokonywi hivihivi, watoto wawili walionekana na waganga wawili tofauti, na kama sasa kuna mmoja, basi kuna mtu aliyemla mwenzake. Akaanza kumtaja jirani mmoja wa Nkololo, mjane, ambaye alikuwa ameuliza habari za mimba ile mara nyingi kupita kiasi. Nyanjige pale kitandani alijishika tumbo kwa mikono miwili. Justina aliona habari inavyoweza kutoka kwenye chumba kile, ikapanda pikipiki, ikafika nyumbani kwa yule mjane kabla ya jua kuzama.

Aliangaza macho huku na huku. Kwenye dirisha kulikuwa na chupa mbili za maji za nusu lita, yake na ya Benedikta, zote zimejaa. Akazichukua, akazisimamisha mezani zikiwa zimegusana, akamwomba Mama Kulwa akae mbele yake, macho yawe sawa na chupa.

"Mayu, mimi naweka kidole nyuma. Niambie unaona vidole vingapi."

Mama Kulwa alikaa kwa shingo upande, akaangalia. Katika kila chupa mlisimama kidole.

"Viwili," akasema.

"Njoo uviangalie huku nyuma."

Mama Kulwa akazunguka meza. Kilikuwa kidole kimoja. Akarudi mbele, vikawa viwili. Akamwondoa Justina, akaweka kidole chake mwenyewe, akamwamuru Benedikta atazame na kuhesabu. Halafu akataka kujua chupa zina dawa gani. Justina akafungua moja, akanywa. Akamweleza kwamba tumbo la Nyanjige lina misuli miwili iliyosimama hivi, na sauti ya mashine ikipita katikati yake hupinda huku na huku kama macho yanavyopinda kwenye maji. Mwanamke mwenye tumbo legevu haimtokei sana. Imemtokea Nyanjige kwa sababu ana misuli ya kazi.

Ndipo Nyanjige, ambaye tangu aingie hakuwa amesema zaidi ya maneno ya kukubali, akainuka kwa kiwiko.

"Mama," akamwambia mkwewe, "kama ni mmoja, naomba basi nianze kula sahani moja."

Benedikta ndiye aliyeanza kucheka, akageukia ukutani ili asionekane. Mama Kulwa alijitahidi kushikilia uso wake, mdomo ukamcheza, akashindwa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya kitenge. Alipotulia aliuliza kama huyo mmoja ni mzima. Benedikta akamgeuzia skrini, akamwonyesha moyo unavyopiga, akampa muda wa kutosha kuutazama, foleni au si foleni. Mama Kulwa akautazama. Akasema wabeja, asante ya Kisukuma, kwa sauti ndogo. Kisha akaomba azichukue zile chupa.

Habari zilizofuata Justina alizisikia vipande vipande kwa watu waliokuja kliniki kutoka Nkololo. Jioni ile ile Mama Kulwa aliweka meza uani, akawaita walioalikwa kwa ajili ya mapacha, akawakalisha mbele ya chupa mmoja mmoja. Jumapili alizibeba mpaka nje ya kanisa. Yule mjane, ambaye hakujua jina lake lilikuwa limefika mbali kiasi gani, naye alikalishwa, akahesabu vidole viwili, akazungushwa nyuma akaona kimoja, akapewa chai. Wazee wa ngoma waliambiwa wasubiri, na walikubali bila kinyongo, isipokuwa mmoja ambaye alikuwa amekwisha kununua njuga mpya.

Justina aliongeza miezi miwili ya kukaa Bariadi. Aliandika programu iweke picha yake kando ya picha ya mashine ya zamani, na zikitofautiana, isimtaje mkweli ni nani, ila ipige alama ya kumwambia mpimaji asogeze mkono. Wazo hilo lilikuwa la Benedikta. Ripoti ilipokwenda kwa msimamizi wake, Dakta Novatus, jina la Benedikta Masele lilikuwa la pili kwenye orodha ya waandishi, na msimamizi alipopiga simu kuuliza ni profesa wa chuo gani, Justina alimpa Benedikta simu azungumze naye mwenyewe. Walizungumza nusu saa. Benedikta alimfundisha jinsi ya kupika jelatini yenye mafuta ya ng'ombe.

Nyanjige alijifungua mwezi wa sita, pamba ikiwa inavunwa, mtoto wa kike wa kilo tatu na nusu, na kwa sauti yake, waliokuwa barabarani walijua kwamba amefika. Mama Kulwa alimpa jina la mama yake mzazi. Wiki chache baadaye, Justina akiwa amerudi Bariadi kumalizia vipimo, yeye na Benedikta walialikwa Nkololo kula. Walipewa kuku na wali, mtoto akapitishwa mapajani mwa kila mmoja, akamlowesha Benedikta, na Nyanjige akaomba radhi huku akicheka, mikono yake ikiwa na mikwaruzo ya maganda ya pamba, maana alikuwa amerudi shambani.

Chakula kilipoisha Shija, ambaye mchana kutwa alikuwa amekaa kimya kwenye kigoda karibu na mlango, alijikohoza. Alisema ana jambo la kuuliza, kama si utovu wa adabu. Ana ng'ombe mmoja, mfugo mzuri, mweupe wa madoa mekundu, amepandwa mara mbili mwaka huu na hakuna anayejua kama ameshika mimba. Mmoja anasema ndiyo, mwingine anasema amenenepa tu. Je, ile mashine ya mwalimu, inasikia na ng'ombe?

Justina alifungua mdomo kueleza kwamba ngozi ya ng'ombe ni nene, kwamba kasi haijulikani, kwamba hesabu zingehitaji kuanza upya kabisa. Kisha akaanza kufikiri kuna tabaka ngapi kati ya ngozi na mimba. Benedikta alikuwa ameshasimama, anakunja mikono ya gauni.

"Twende tukamwone kwanza," akasema.

Wakatoka wote kuelekea zizini, Shija mbele akisukuma miba ya lango, Mama Kulwa nyuma na mtoto begani, akiwaonya wageni waangalie viatu vyao.